Mwanao kapata kazi kiwandani? Usiulize mshahara pekee

Jumapili moja mwezi uliopita tulikuwa Maneromango, wilayani Kisarawe, nyumbani kwa mama. Tumekaa mkekani, wali wa nazi na kisamvu viko katikati, na mtoto wa mdogo wangu, kijana wa miaka 20, akatangaza kwamba amepata kazi. Kiwanda kiko upande wa Zegereni, Kibaha. Anaanza Jumatatu inayofuata.

Mama alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Kijana amekaa nyumbani tangu amalize kidato cha nne, kwa hiyo furaha ile ilikuwa halali.

"Mshahara kiasi gani, mjukuu wangu?" mama aliuliza. Kijana akataja.

"Wanalipa kwa wiki au kwa mwezi?" niliuliza mimi.

"Kwa mwezi, shangazi."

"Chakula kipo? Usafiri je?" Maswali yakamiminika, na kila jibu likapokewa kwa "Alhamdulillah".

Mdogo wangu, baba wa kijana, alikuwa kimya muda wote. Alipomaliza kula alinawa, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya mkeka, mbele ya mwanawe.

"Wamekuonyesha mashine inazimiwa wapi?"

Kijana akatikisa kichwa. "Bado, baba. Wamesema nitajifunza nikishaanza."

Mkono ule una vidole vitatu.

Mwaka 2005 mdogo wangu alikuwa kibarua kwenye karakana ya mbao Kibaha, na huyu kijana alikuwa na miezi mitatu tu. Kipande cha mbao kilikwama kwenye msumeno. Akazima mashine, akainama kukitoa. Mwenzake aliyekuwa upande wa pili hakumwona, akadhani umeme umekatika na kurudi, akawasha. Vidole viwili vilikwenda pale pale.

Tajiri alimpa nauli ya kufika Hospitali ya Tumbi na pole ya Sh50,000. Alipopona na kurudi kuulizia kazi, nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Sisi ndugu zake hatukujua pa kwenda kulalamika na, kusema kweli, hatukuuliza. Tulisema ni mipango ya Mungu, tukaendelea na maisha.

Nimekuwa nikilifikiria swali lake tangu siku ile. Sote pale mkekani tulikuwa watu wazima wanaompenda yule kijana, na hakuna aliyemuuliza jambo lolote kuhusu kurudi nyumbani mzima. Aliyeuliza ni yule ambaye hakurudi mzima.

Mkoa umebadilika, maswali yetu hayajabadilika

Wazee wetu waliijua Kibaha kama mji wa shule. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza miaka ya 1960 kwa ushirikiano na nchi za Nordic, ndilo lililoupa mji jina. Leo ukipita Barabara ya Morogoro alfajiri, kuanzia Maili Moja kwenda Visiga na Mlandizi, unawaona vijana wamesimama vituoni na mifuko yao ya chakula, wengine wamepakiana kwenye bodaboda wakiwahi shifti. Huko Kwala kuna bandari kavu na kongani ya viwanda, na reli ya kisasa inapita.

Kisarawe nako mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Vilima vya Pugu vina madini ya kaolini, yale mawe meupe yanayotumika kwenye vyombo vya udongo, rangi na karatasi. Kuna machimbo ya mchanga, mashamba ya korosho na matanuri ya mkaa, na kuna mafundi wanaochimba visima na vyoo kwenye viwanja vipya vinavyouzwa kila siku.

Kazi zipo, na tunashukuru. Lakini nyingi ya kazi hizi mzazi hajawahi kuzifanya, kwa hiyo hajui zinaumiza vipi. Mama yangu angejua kumwambia mjukuu wake namna ya kukwepa jembe la mwenzake shambani. Foklifti inayorudi nyuma ghalani haijui.

Ndiyo maana nimekusanya maswali matano ambayo mzazi yeyote, awe amesoma au hakusoma, anaweza kumuuliza mwanawe kabla hajavuka geti la kazini.

1. Mashine inazimiwa wapi, na nani anaruhusiwa kuiwasha?

Hili ni swali la mdogo wangu, na naliweka la kwanza.

Mashine nyingi hazimuumizi mtu wakati anafanya kazi ya kawaida. Zinamuumiza anapoisafisha, anapotoa kitu kilichokwama au anapoitengeneza. Wakati huo mkono unaingia mahali ambapo kwa kawaida hauingii.

Kanuni yake ni fupi: zima, chomoa au kata umeme kwenye swichi kuu, funga swichi kwa kufuli, tundika kibao cha "Usiwashe, mtu yuko kazini", halafu jaribu kuwasha uhakikishe haiwaki. Ufunguo wa kufuli unakaa mfukoni mwa yule anayeingiza mkono, siyo kwa msimamizi. Kama mdogo wangu angekuwa na kufuli la Sh5,000, leo angekuwa na vidole kumi.

Mwambie pia kwamba mashine iliyozimwa haijasimama hapo hapo. Msumeno, feni na grenda huendelea kuzunguka kwa muda. Asubiri mpaka aone kwa macho kwamba imetulia.

Na mavazi. Mtandio unaoning'inia, mkono mrefu wa shati usiofungwa, nywele za rasta zisizobanwa, pete, bangili, hata kamba ya kitambulisho shingoni, vyote vinaweza kukamatwa na mkanda wa mashine. Mashine ikishakamata uzi, inavuta na mwenye uzi. Mabinti wetu wanaofanya kazi viwandani wabane nywele na wachomekee kilemba ndani ya ovaroli.

2. Nani atakufundisha, na kwa siku ngapi?

"Utajifunza ukishaanza" ni jibu la kutia wasiwasi. Mgeni kazini hajui sauti gani ya mashine ni ya kawaida na ipi ni ya hatari, wala hajui njia ya foklifti na ya waenda kwa miguu. Anaona aibu kuuliza kwa sababu anataka aonekane anaweza.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi maelezo na mafunzo ya kazi wanayofanya na hatari zake. Mwambie mwanao kuwa kuomba kufundishwa ni haki yake. Siku ya kwanza aulize mambo manne: mlango wa dharura uko wapi, kizima moto kiko wapi, sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, na akiona hatari amwambie nani.

3. Vifaa vya kinga ananunua nani?

Kofia ngumu, buti, glovu, miwani, kinga ya masikio, barakoa na rifleksa ni jukumu la mwajiri, na mfanyakazi hapaswi kukatwa mshahara kwa ajili yake. Wapo vijana wanaoambiwa waje na buti zao, wakaja na raba au kandambili. Ndoo ya saruji au kipande cha nondo kikianguka, kandambili haisaidii kitu.

Lakini kifaa lazima kifanane na kazi. Glovu zinazomlinda anayebeba mabati zinaweza kumponza anayetumia mashine inayozunguka, kwa sababu zinakamatwa. Miwani ya jua haiwezi kuchukua nafasi ya kinga ya kuchomelea. Fundi anayechomelea bila kinga atashinda salama, halafu usiku wa manane ataamka macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga. Mwanga ule umeunguza sehemu ya mbele ya jicho. Akirudia kila wiki, anacheza na macho yake.

4. Ukiumia saa nane usiku, nini kinatokea?

Viwanda vingi vina shifti ya usiku. Muulize mwanao kama usiku kuna mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza, kama kuna gari la kumpeleka hospitali, na namba ya nani imeandikwa kwenye fomu yake kama ndugu wa karibu. Nawe uwe na namba ya msimamizi wake kwenye simu yako. Usisubiri siku ya tatizo ndiyo uanze kuitafuta.

Uchovu nao ni hatari. Kijana anayetoka shifti ya usiku akaenda kufanya kibarua kingine mchana, halafu akarudi kazini jioni, anasinzia mbele ya mashine. Sisi wazazi tunachangia hapa. Tunamwamsha saa nne asubuhi akachote maji kwa sababu "yupo tu nyumbani". Aliyekesha kazini mwache alale, chumba kiwe giza na redio ishushwe sauti.

5. Una mkataba, na mwajiri wako anakuchangia?

Nitarudi hapa chini kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo lililotuangusha mwaka 2005.

Hatari isiyotoa damu

Kidole kikikatika kila mtu anaona. Kuna madhara mengine yanayoingia taratibu, mtu akaja kuyajua baada ya miaka kumi.

Kelele ni mojawapo. Kipimo rahisi ni hiki: kama mtu aliyesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwako hasikii mpaka upige kelele, mahali hapo masikio yanaharibika. Ukiona mwanao anaongeza sauti ya televisheni kuliko zamani, au akitoka kazini masikio yanavuma, usichukulie kwamba ni kiburi cha ujana. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi.

Vumbi ni jingine. Vumbi la mawe na mchanga, pamoja na lile la kusaga mawe yenye kaolini, lina chembe za silika ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Zikiingia ndani ya mapafu haziyeyuki wala hazitoki, zinaacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Kinachosaidia ni kumwagia maji ili vumbi lisiruke, kuvaa barakoa maalumu ya vumbi na kutofagia pakavu. Na nguo za kazini zisikung'utwe ndani ya nyumba yenye watoto. Zilowekwe nje, zifuliwe peke yake.

Joto nalo. Anayefanya kazi karibu na tanuri la chuma au juu ya bati saa saba mchana anahitaji maji mara kwa mara kabla hajasikia kiu. Akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kuongea maneno yasiyoeleweka, apelekwe kivulini, amwagiwe maji, atafutiwe daktari.

Kisarawe: shambani, kisimani, tanurini

Mzazi wa Kisarawe anaweza kusema habari hizi ni za watu wa Kibaha. Hapana. Kazi haina budi kuwa na geti ndipo iwe na hatari?

Chukua salfa. Kila msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, vijana hubeba mashine mgongoni alfajiri, wakati umande bado uko kwenye majani. Wengi hupuliza wakiwa wamevua shati. Salfa ikikutana na unyevu wa macho, pua na jasho huwasha na kuunguza, na mtu mwenye pumu inaweza kumbana vibaya. Apulize akiupa upepo mgongo, avae mikono mirefu, miwani iliyoziba pande zote na barakoa, na aoge kabla ya kula. Salfa pia inashika moto, kwa hiyo hakuna sigara, na mafuta yasiongezwe injini ikiwa ya moto. Mfuko uliokuwa na salfa usigeuzwe wa kuhifadhia unga.

Kisima na choo. Udongo wa Pwani una mchanga mwingi, haushikani. Shimo linaonekana imara asubuhi, mchana ukingo unamwagika. Ujazo wa udongo wa mita moja kila upande una uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, sawa na gari dogo. Aliyefukiwa mpaka kifuani hawezi kupumua, hata kama kichwa kiko nje. Kuta zishikiliwe kwa mbao au pete za zege kadiri shimo linavyoshuka, na udongo uliochimbwa urundikwe mbali na ukingo.

Lakini kinachoua wengi kwa pamoja kisimani ni hewa. Mtu anashusha pampu ya injini chini avute maji. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Anayeshuka anazimia. Ndugu yake anamwona, anashuka kumwokoa, naye anazimia. Wa tatu anafuata. Kama huna la kukumbuka katika makala haya, kumbuka hili: mtu akianguka kimya ndani ya shimo, usishuke. Piga simu 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mpulizie hewa safi kwa namna yoyote ukiwa juu, na anayeshushwa chini kazini siku zote afungwe kamba ambayo walio juu wanaweza kuivuta.

Tanuri la mkaa. Mchoma mkaa hupanda juu ya tanuri kuziba ufa unaotoa moshi. Ndani kuni zimeshaungua, pamebaki uwazi wenye makaa. Udongo ukikatika, miguu inazama motoni mpaka gotini. Ufa uzibwe ukiwa pembeni, kwa koleo la mpini mrefu.

Sheria na mfuko ambao hatukuujua

Siku mdogo wangu alipoumia, fidia ya wafanyakazi iliongozwa na sheria iliyorithiwa kutoka enzi za mkoloni. Mzigo ulikuwa kwa mwajiri mwenyewe, na ukomo wa malipo ulikuwa mdogo kiasi kwamba haukufika Sh200,000 hata kwa ulemavu wa kudumu. Hata tungejua pa kwenda, tusingepata kitu cha kumtunza.

Sheria mpya ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ukiona mwanao amekatwa mshahara kwa jina la mfuko huu, kuna jambo la kuuliza.

Mafao yake ni saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao, malipo ya mtu wa kumhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Aliyelazimika kukaa nyumbani akijiuguza hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Wa asilimia 30 au chini ya hapo hulipwa kwa mkupuo. Magonjwa yanayotokana na kazi yamo pia, hayo ya mapafu na masikio niliyoyataja.

Familia ifanye nini? Ajali ikitokea, mwajiri aarifiwe mara moja. Yeye anapaswa kutoa taarifa kwa mfuko ndani ya siku saba, na madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Tunza kila karatasi: mkataba, hati za mshahara, vyeti vya hospitali, majina ya mashuhuda. Piga picha kwa simu, zitume kwa ndugu mmoja azihifadhi. Kutokuwa na mkataba wa maandishi kusiwafanye mkate tamaa. Ujumbe wa simu wa kuitwa kazini na muamala wa mshahara ni ushahidi wa kuanzia.

Anayekagua usalama wenyewe ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Sehemu za kazi zinatakiwa kusajiliwa na kukaguliwa nao, na wafanyakazi wapimwe afya wanapoajiriwa na wakiendelea na kazi. Mashine isiyo na kinga au mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli ni jambo la kupelekwa kwao.

Aliyejiajiri, kama dereva wa bodaboda au fundi wa mtaani, hana mwajiri wa kumchangia kwenye mfuko huu. Huyo ajikatie bima ya afya mapema, wakati bado anatembea kwa miguu yake miwili.

Na mtoto?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikia 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu isiyomharibia masomo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mgodini, kiwandani wala mahali pengine pa hatari. Kwa hiyo kumpeleka mtoto wa kidato cha pili machimboni "apate hela ya madaftari" wakati wa likizo ni kosa, hata kama mwenye machimbo ni mjomba wake.

Ikitokea

Damu inatoka: gandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia, inua kiungo juu.

Kidole kimekatika: kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tia ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uweke ndani ya mwingine wenye barafu. Kidole kisigusane na barafu yenyewe. Nenda nacho hospitali haraka. Sisi mwaka 2005 tulivizika vya mdogo wangu.

Moto au maji ya moto: maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na asali vibaki jikoni.

Kemikali jichoni: maji safi mfululizo dakika 20, jicho likiwa wazi, halafu hospitali.

Umeme: usimguse. Kata umeme kwanza.

Neno "vumilia"

Nimeacha gumu zaidi mwisho. Kijana anaweza kuyajua haya yote na bado akaingiza mkono kwenye mashine inayozunguka, kwa sababu anaogopa kupoteza kazi. Na mara nyingi anayemtia hofu hiyo ni sisi. Anarudi nyumbani anasema, "Mama, ile mashine haina kifuniko." Tunamjibu, "Vumilia mwanangu, kazi zenyewe ziko wapi?"

Aprili 24, 2013, huko Savar nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya nguo liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wasichana na wanawake vijana. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa ndani ya jengo hilo iliwazuia wafanyakazi wake kurudi. Washonaji waliambiwa warudi kazini. Naamini katika nyumba nyingi asubuhi ile kulikuwa na mtoto aliyesema kuna ufa, na mtu mzima aliyemwambia avumilie.

Nasi tunalo letu. Novemba 16, 2024 jengo liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Wengi walikuwa katika shughuli zao za kila siku, wanatafuta riziki.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengine hawapati hata nafasi ya kuujenga.

Mwanao akikuletea habari ya hatari, mwulize maswali. Msaidie kupanga namna ya kuisema kazini kwa adabu: aende na mwenzake, aseme tatizo na apendekeze dawa yake. "Bosi, tunaomba kifuniko cha mashine namba mbili, kimetoka tangu juzi." Msimamizi mwenye akili atashukuru, kwa sababu ajali humsimamishia kazi na yeye. Asiposikiliza, mwanao ajue kwamba nyumbani ana mlango ulio wazi, hata kama mshahara utakosekana mwezi huu.

Mdogo wangu alimwambia hivyo mwanawe pale mkekani. Mama alinung'unika kidogo, kwamba tunamtia mtoto nuksi kabla hajaanza. Kisha akautazama ule mkono, akanyamaza.

Jumatatu ile jioni kijana alinipigia simu. Alisema siku ya kwanza alimwomba msimamizi amwonyeshe pa kuzimia mashine, na wenzake wakamcheka. Msimamizi hakucheka. Aliwasimamisha wote sita wa zamu ile, akawaonyesha. Wawili kati yao wana mwaka mzima pale na walikuwa hawajui.

"Ni kitufe chekundu, shangazi," aliniambia. "Kiko mkono wa kulia, usawa wa kiuno."

"Umemwambia baba yako?"

"Nimempigia yeye kwanza."